Uzi wa Ishirini na Tatu

1

Mashine ilihesabu sauti ishirini na tatu. Orodha ya kwaya ilikuwa na majina ishirini na mawili.

Nilirudia. Mtu akikosea kuhesabu unamrudisha mwanzo, na mashine vivyo hivyo. Niliuweka wimbo upya, nikasubiri iuchambue, nikatazama nyuzi zikijipanga kwenye kioo: sauti ya kwanza saba, ya pili sita, ya tatu tano, besi tano. Kila uzi ulikuwa na jina la mtu pembeni, isipokuwa mmoja wa sauti ya pili. Huo ulikuwa na neno moja: Haujulikani.

Mimi nilikuwa naujua. Ulikuwa wangu.

Sikuinuka kitini. Nilikuwa na nusu andazi mkononi, nikalimaliza, nikapangusa vidole, kisha nikafunga mlango.

Pale Ofisi ya Ruhusa, kanda ya Mbeya, hakuna aliyejua kwamba niliwahi kuimba kwaya. Kitambulisho changu kinasema Lidia Mwasomola. Kule Usharika wa Isumba, upande wa Tukuyu, waliniita Subi, na waliacha kuniita nikiwa na miaka kumi na tisa. Sasa nina hamsini na minane. Mashine haikunitambua kwa sababu ya kisu cha daktari. Nilipasuliwa tezi ya shingo nikiwa na arobaini, sauti ikashuka ikawa ya mkwaruzo, na hiyo ya mkwaruzo ndiyo iliyomo kwenye rejista ya taifa. Yule binti wa kwenye wimbo hana rekodi nyingine popote duniani.

Kazi yangu ni kutafuta ruhusa. Programu yoyote ikitaka kupiga wimbo, kila koo lililomo lazima likubali, na aliyekufa, warithi wake wanakubali kwa niaba yake. Sheria ilikuja baada ya ile miaka ya sauti za kughushi, watu walipopigiwa simu na marehemu wao wakiombwa namba za siri. Ndipo kila spika nchini ikawekewa Kizibo, kijidude kidogo kuliko punje ya mchele. Kizibo kikisikia sauti moja isiyo na ruhusa, wimbo wote unanyamaza. Si sauti hiyo tu, wimbo wote. Na ombi likifika siku tisini ruhusa hazijakamilika, wimbo unafutwa kwenye ghala, na ukifutwa umefutwa.

Ombi hili lilikuwa na siku themanini na tatu.

Lilitoka kwa programu iitwayo Kiamsho, ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Kiamsho humtafutia mzee wimbo mmoja wa ujana wake, ule unaomfungua. Akiimba nao, hupata dakika chache za kuongea na kutambua watu. Wauguzi wanaziita dirisha. Kisha dirisha linafungwa hadi siku nyingine. Kila mzee na wimbo wake. Ukimpa mwingine anakutazama tu kama umekosea nyumba.

Mzee wa faili hili aliitwa Tusekile Mwakatobe. Sauti ya pili. Tulisimama bega kwa bega miaka minne. Yeye ndiye aliyekwenda kuwaambia wazee wa kanisa kwamba nina mimba.

2

Kesho yake walikuja wawili. Mmoja alikuwa Atuganile, binti wa Tusekile, mwalimu wa sekondari, viatu vimejaa tope jekundu. Wa pili alikuwa Mzee Gwakisa, aliyekuwa katibu wa kwaya enzi zile. Alibeba daftari ndani ya mfuko wa nailoni, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo mama," Atuganile alisema.

"Marahaba. Kaeni. Hicho kiti kina mguu mbovu, Mzee akalie hiki."

"Nimeshakalia vibaya kuliko hicho," alisema Mzee Gwakisa, lakini akakalia kile kizima.

Alinitazama usoni, nami nikamtazama. Amekuwa mdogo, masikio yamebaki makubwa. Hakuonyesha dalili yoyote ya kunitambua. Niliinamisha kichwa kwenye faili nikaanza.

"Watu ishirini na wawili, wao au warithi wao, wamekubali. Mmefanya kazi kuliko ofisi yangu. Lakini kuna mtu wa ishirini na tatu."

"Hayupo," mzee alisema.

"Mashine inamsikia."

"Mashine inasikia mwangwi. Tulirekodia kanisani, na kanisa lilikuwa la bati."

"Mwangwi haupumui, Mzee. Huyu anapumua."

Akafungua daftari. Orodha ilikuwa ya mwandiko wake, herufi zimenyooka kama askari. Aliiandika siku ya kurekodi, alisema, na tangu hapo haijatoka nyumbani kwake. Nikaweka kidole chini ya jina la tano la sauti ya pili, palipokuwa na mstari mtupu. Karatasi pale ilikuwa nyembamba na yenye vinyweleo.

"Hapa pamekwanguliwa."

"Panya."

"Panya wa Isumba wanatumia wembe?"

Atuganile akacheka, kisha akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Mzee alifunga daftari taratibu.

Nilijua wembe ule. Kule kwetu binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa. Haimbi, hakaribii meza ya Bwana, na akipishana na wanakwaya njiani wanasalimia juu ya kichwa chake. Ili arudi kundini lazima asimame mbele ya usharika Jumapili aseme amekosa na anajutia. Asiposimama, daftari linamsahau. Mimi nilirekodi Jumamosi nikiwa na miezi mitano chini ya sare pana ya kitenge. Jumapili ya pili yake nikatengwa. Hakuna aliyefikiri kwamba wembe unafuta karatasi na hauwezi kufuta wimbo.

"Mama," Atuganile akasema, "hakuna njia? Zimebaki siku sita. Mama yangu tangu Novemba hajasema neno. Walipotujaribishia kipande cha wimbo huu, kabla Kizibo hakijaukamata, aliimba mistari miwili akageuka akaniuliza kwa nini nimekonda. Ni hilo tu. Miezi saba, na hilo ndilo alilosema."

"Njia ipo. Inaitwa kung'oa."

Nikawaeleza. Afisa akishatafuta akakosa, anaapa kwamba uzi hauna mwenyewe. Shahidi mmoja anaapa naye. Mashine inautoa uzi huo, inaziba tundu kwa sauti za jirani, na wimbo unapita. Uzi uliong'olewa unachomwa.

"Tung'oe basi," mzee alisema haraka.

"Na mwenyewe akijitokeza?" Atuganile akauliza.

"Akikubali, wimbo unapita mzima."

"Basi tumtafute kwanza. Siku sita si haba. Nani aliyekuwa anasimama na mama?"

Mzee Gwakisa alikuwa anafunga nailoni, fundo la kwanza, fundo la pili. "Wote wamo kwenye orodha," alisema.

Walipoondoka nilifungua kitabu cha kanuni, ingawa nilikijua kwa moyo. Kanuni ya saba: afisa hawezi kushughulikia faili lenye sauti yake. Litahamishiwa Dodoma kwa afisa mwingine, ambaye atasoma upya. Siku thelathini kwa uchache. Saa haisimami.

Kwa hiyo nikisema kweli, wimbo unakufa. Nikiapa kwamba uzi hauna mwenyewe, Tusekile anaimba. Hakukuwa na mlango wa tatu. Nilitafuta mchana kutwa.

3

Kabla ya kiapo, afisa lazima ajaribu wimbo uliong'olewa uzi kwa yule utakayemtumikia. Nikaenda Isumba. Sikuwa nimekanyaga pale kwa miaka thelathini na tisa. Mvua ilikuwa ileile, nyembamba, isiyokuwa na haraka. Migomba imekatwa nusu, pamewekwa mitambo ya kuvuna ukungu, na ule mlio wake wa chini ulinifuata hadi mlangoni.

Tusekile alikaa kwenye kiti chenye mikono, khanga magotini. Alikuwa anakunja kitambaa mara nne, anakikunjua, anakikunja. Nywele zimekuwa pamba. Nilifikiri nitahisi hasira, nimeibeba muda mrefu, ingefaa iwepo siku ya kazi. Nilichoona ni kwamba kucha zake zimekatwa vizuri na kwamba binti yake anamjali.

"Mama, mgeni," Atuganile alimwambia. Hakugeuka.

Nikaingiza ufunguo wa jaribio kwenye spika, Kizibo kikatulia, nikapiga wimbo.

Wimbo wenyewe ni wa kuvuka mto Kiwira, mwalimu wetu alitunga mwenyewe, beti tatu. Beti mbili za mwanzo kwaya nzima inakwenda pamoja. Ya tatu, watu wote wananyamaza na sauti ya pili inabaki peke yake kwa pumzi mbili, inashuka ngazi, kabla wengine hawajaingia. Pale Tusekile alikuwa anachelewa siku zote. Alikuwa ananisikiliza mimi, kisha ananifuata nyuma kwa nusu hatua. Mwalimu alimgombeza hadi akachoka.

Nitasema ukweli. Nilitaka apotee. Nilikaa kwenye kigoda cha watu, mkoba wa serikali magotini, nikiomba mwanamke mgonjwa afike kwenye lile tundu akose pa kukanyaga.

Ubeti wa kwanza midomo yake ilicheza. Wa pili sauti ikatoka, kavu. Wa tatu kwaya ikanyamaza, spika ikatoa ule wembamba wa sauti tano zilizonyooshwa kuziba sita, na Tusekile akaingia. Hakuchelewa. Alishuka ngazi zote, moja moja, kwa namna yangu, na kile kijipindo cha mwisho nilichokuwa nakitia ambacho hakikuandikwa kwenye nota. Alijaza tundu lote.

Wimbo ukaisha. Kitambaa kikatulia mikononi.

"Atu," alisema, "paa la banda linavuja bado?"

Atuganile alipiga magoti sakafuni. "Tulitengeneza, mama. Mwaka jana."

"Nani alitengeneza?"

"Mimi na fundi Ambele."

"Ambele hajui kupiga misumari. Na huyu?" Alininyooshea kidevu.

"Ni afisa, mama. Ndiye anayetusaidia upate wimbo."

Tusekile alinitazama. Macho yalikuwa macho yake kabisa, na hayakukuta kitu usoni mwangu.

"Mpe chai," alisema. "Amelowa."

Waliongea dakika tisa. Nilihesabu kwa sababu fomu inataka. Waliongea juu ya ng'ombe, juu ya baba yake Atuganile, juu ya shule. Kisha kitambaa kikaanza kukunjwa upya.

Atuganile alinisindikiza hadi barabarani akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga, mama. Asante sana. Unaona? Hata bila huyo mtu, anaimba."

"Nimeona," nilisema.

4

Jumapili Lusajo alipiga simu. Ndiye mwanangu, wa pekee. Anafanya kazi kwenye meli ya kutandika nyaya chini ya bahari, upande wa Chile, na hupiga mara moja kwa wiki, wakati anasubiri nguo zikauke. Nyuma yake nilisikia mashine ya kufulia ikizunguka.

"Unakula?" nilimuuliza.

"Nakula. Wewe?"

"Nina faili gumu."

"Mama, wewe mafaili yote ni magumu."

Nikamwambia kama la mtu mwingine. Kuna mama mmoja, nilisema, sauti yake imo kwenye wimbo, walimfuta jina kwa sababu hakutaka kuomba radhi. Sasa wanataka akubali kwamba hakuwahi kuwepo, ili mgonjwa asaidike.

"Wimbo wa lini?"

"Miaka thelathini na tisa."

"Asaini tu."

"Hivyo tu?"

"Mama, nani anamjua? Nani atafungua wimbo wa kijijini ahesabu sauti? Mgonjwa yupo hai, yeye ana kijisauti cha zamani. Mwambie asaini akalale." Akasema neno kwa mtu mwingine, kwa Kihispania, akacheka. "Na hicho alichokataa kuombea radhi ni nini, kwanza?"

Baba yake Lusajo alikuwa dereva wa katapila lililotengeneza barabara ya Isumba, na barabara ilipokwisha akaenda nalo. Hilo halina hadithi. Lusajo analijua. Jumapili niliyotakiwa kusimama hajawahi kuijua, kwa sababu mtoto hatakiwi kujua kwamba kuna watu mia tatu walikaa kwenye mabenchi wakisubiri mama yake amjutie.

"Mambo ya kizamani," nilisema. "Nguo zimekauka?"

"Bado soksi."

"Usivae soksi mbichi."

"Sawa, mama."

Alikata. Niliosha sahani moja, kikombe kimoja, sufuria ndogo. Nilifagia chumba ambacho hakuna aliyekikanyaga tangu nilipokifagia mara ya mwisho.

5

Jumatano, siku ya themanini na tisa, Mzee Gwakisa alikuja peke yake, amevaa koti la kanisani. Nikaweka hati ya kiapo mezani, na kalamu juu yake. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari.

"Afisa anaanza?"

"Afisa anaanza, shahidi anafuata."

"Basi anza, Subi."

Kulikuwa na mtu anapiga mhuri chumba cha pili. Nilisikiliza mhuri mara tatu au nne.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu niingie humu. Ulilaza kichwa ukasikiliza kwa sikio la kushoto. Sikuona mtu mwingine anafanya hivyo maisha yangu yote."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulinyamaza kwanza. Nikasema, kama ndivyo anavyotaka."

"Wembe ulikuwa wako."

"Wazee wanaamua, katibu anakwangua." Aliegemeza mikono mezani. "Mlango ulikuwa wazi, Subi. Jumapili moja tu. Ungesimama useme umekosa, ningekuandika upya. Mbona wenzako walisimama? Hata Tusekile alisimama."

"Tusekile?"

"Mwaka uliofuata. Unafikiri Atuganile alitokea wapi? Alisimama tumbo liko hapa, akasema anajutia, akarudi mstarini, akaimba mpaka uzee. Ndiyo maana jina lake lipo."

"Binti yake anajua?"

"Nani amwambie?"

Nilitazama hati. Mimi, Lidia Mwasomola, naapa kwamba nimemtafuta mwenye uzi huu kwa bidii zote, na sikumwona.

"Yule mtoto alikuwa ananipiga teke," nilisema. "Niliketi kitandani asubuhi ile nimevaa, tayari kwenda, na alikuwa anapiga. Ningesimama mbele ya watu niseme najutia, na yeye anasikia?"

"Mtoto wa tumboni hasikii."

"Wangu alikuwa anasikia."

Alitoa leso akajifuta mdomo. "Kuna mwanamke kule anasubiri mama yake amwite jina," alisema. "Ukiandika kweli, kesho wimbo hakuna."

"Mzee, sheria hiyo niliisoma kabla yako."

"Basi nilitaka tu kuhakikisha kwamba unajua."

Niliipima kama ninavyopima kila kitu, upande huu na upande huu. Upande mmoja mgonjwa, binti yake, dakika tisa kwa siku. Upande mwingine jina la mtu mmoja ambaye hakuna aliyeuliza habari zake. Ningepewa faili hili la mtu mwingine ningemwambia kama Lusajo: saini ukalale. Mizani ilikuwa haina shaka. Lakini mkono wangu ulipogusa kalamu nilielewa kwamba kiapo kile ndiyo ile Jumapili. Wamenisubiri miaka thelathini na tisa nisimame niseme sikuwepo, mimi na aliyekuwa ndani yangu, na safari hii wamekuja na sababu nzuri.

Nikakata maneno mawili ya mwisho kwa mstari mmoja. Nikaandika juu yake: Mwenye uzi amepatikana. Ni mimi.

Mzee Gwakisa alisoma, akavuta pumzi puani. Sikujua kama atasaini, hakuwa na lazima. Alisaini. Kisha akafungua nailoni, fundo la kwanza, fundo la pili, akatoa daftari, akaandika pale palipokwanguliwa. Karatasi ilikuwa nyembamba mno. Kalamu ilitoboa katikati ya jina.

"Imeharibika," alisema.

"Acha hivyo hivyo."

Faili likaenda Dodoma mchana ule, nami nikapewa likizo ya lazima kusubiri kamati ya nidhamu. Atuganile alipiga jioni.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Ulikaa nyumbani kwetu. Ulikunywa chai yetu. Ulimwona mama anaimba bila wewe, kwa macho yako. Umemnyima wimbo kwa ajili ya jina."

"Ndiyo."

"Hata msamaha huombi?"

"Nikiomba nitakuwa nakudanganya. Nasikitika. Hilo ni jingine."

Akakata.

Kesho yake saa sita mchana wimbo ulifutwa. Niliona taarifa kwenye simu, mstari mmoja, kama zile za kukatika umeme.

6

Jumamosi nilipanda basi la Tukuyu. Hapakuwa na aliyenituma. Mvua ilikuwa imeshika kweli siku hiyo, na nilipofika kwao viatu vilikuwa vimejaa maji, nikaviacha kizingitini. Nilibisha hodi mara tatu ndipo Atuganile akafungua. Aliziba mlango kwa mwili wake.

"Umefuata nini?"

"Kuimba."

"Wimbo umefutwa. Hukuona?"

"Umefutwa kwenye ghala. Kooni hakuna Kizibo."

"Unadhani sikufikiria hilo?" Macho yalikuwa mekundu. "Nimemwimbia siku mbili. Ananitazama tu."

"Umeimba sauti ipi?"

"Ninayoijua. Ile inayosikika."

"Hiyo ni ya kwanza. Mama yako hakuwahi kuiimba. Alikuwa anaisikia imempa mgongo."

Alifikiri. Sijui alifikiri nini. Akasogea, si sana, nikapita kwa ubavu.

Tusekile alikuwa na kitambaa chake. Sikukaa mbele yake. Nilivuta kigoda nikakaa kulia kwake, bega kwa bega, tukitazama ukuta mmoja. Nikaanza.

Sauti ya pili ikiwa peke yake si wimbo. Inangoja pale ambapo wengine wanakwenda, inapanda kidogo, inarudi. Mtu akiisikia bila ya kwanza atafikiri mwimbaji amesahau. Na ya kwangu ilikuwa imekwaruzwa, ilikatika kwenye kila nota ya juu. Ubeti wa kwanza nilimaliza peke yangu. Wa pili nao. Nyuma yangu nilimsikia Atuganile akishusha pumzi, pumzi ya mtu anayeona alichokitegemea.

Kwenye ubeti wa tatu niliteremka ngazi ya kwanza, na bega likagusa bega langu. Tusekile aliingia. Kwa nusu hatua nyuma, kama zamani. Tukawa sauti ya pili mbili, bila ya kwanza, bila besi, wanawake wawili wanashikilia kitu ambacho wenye kukibeba mbele hawapo. Mwishoni, kwenye kile kijipindo, koo langu likakataa nikakiruka.

Akanigeukia.

"Umekosea. Hapo tunapinda."

"Nimekosea," nilisema.

"Binti aliyekuwa anasimama hapa aliimba vizuri kuliko wewe."

"Alikwenda wapi?"

Alikunja kitambaa mara moja. Mara ya pili hakuikunja.

"Nilimsemea," alisema.

"Kwa nini?"

"Walituuliza wote. Mimi ndiye niliyejibu."

Nilikuwa na maswali. Nilikuwa nayo yamepangwa, ya miaka na miaka, na mtu pekee mwenye majibu alikuwa amekaa bega kwa bega na mimi, macho yake yako wazi, anangoja niulize. Dirisha ni dakika chache. Mlangoni Atuganile alikuwa amesimama na taulo mkononi, hasogei, hata kukohoa anaogopa. Mama yake alikuwa hajamtazama.

Nilishika mkono wa kiti nikakigeuza kidogo, kikakwaruza sakafu, hadi Tusekile akawa anatazama mlango.

Alikodoa macho.

"Atu," alisema. "Mbona umesimama kama mgeni? Zile kunde umeziingiza ndani?"

"Ziko ndani, mama," Atuganile alisema, akaja akapiga magoti.

Nikatoka kuwaachia dakika zilizobaki. Kizingitini nilikaa, nikainua kiatu cha kwanza nikamwaga maji, kisha cha pili. Ndani walikuwa wanaongea juu ya kunde. Nikavivaa vikiwa vibichi, nikafunga kamba.